Nia ya Usiku, Waya wa Mchana

Mzee alileta Hilux yake gereji Jumatano asubuhi, na hata kabla sijafungua boneti, harufu ya plastiki iliyoungua ilishanifikia. Usiku uliotangulia alikuwa anashuka kutoka Lushoto na mzigo wa karoti na kabichi. Kabla hajafika Soni, moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi, pale ilipokuwa swichi ya taa zake za ziada. Akasimama, akang'oa nyaya kwa mkono, akateremka mpaka huku Mombo kwa taa za kawaida. Alipokuwa akinisimulia alikunjua kiganja nione malengelenge.

Chini ya boneti kila kitu kilijieleza. Juu ya bampa kulikuwa na spoti mbili za duara, kila moja na globu ya wati 100. Wati 200 ukizigawa kwa volti 12 unapata karibu ampea 17, na zote hizo zilikuwa zinapita kwenye waya wa spika: kutoka betri, kupitia tundu la bati lisilo na mpira, mpaka kwenye swichi ndogo iliyo kando ya redio, kisha kurudi tena mbele kwenye taa. Rilei hakuna. Fyuzi hakuna. Viungo vimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Miezi mingi mzee huyu alikuwa akilala, akiamka na kusali, na gari lake limebeba cheche inayongoja siku yake.

Kuunga upya taa za namna hii ni kazi ya saa tatu. Sisi ilituchukua kutwa nzima, na kilichotuchelewesha ni sentensi moja. "Fundi," aliniambia, "unga vizuri, bei tutaelewana. Ila swichi yangu iwe huru. Niziwashe nitakapo, nizizime nitakapo."

Mimi siungi spoti hivyo. Naziunga zifuate fulu. Dereva akiwa kwenye fulu, spoti zinaweza kuwaka; akishusha dimu, zinazimika zote papo hapo, bila kuulizwa. Nilimweleza mzee, nikidhani nimemaliza. Alitafakari kidogo. Ni mzee wa kanisa, Mlutheri, mtu wa maneno machache ambayo kila moja amelipima kabla ya kulitoa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nikiona mwenzangu anakuja, nazima. Nazima kwa sababu namheshimu, na kwa sababu Mungu ananiona. Sasa wewe unataka waya uzime badala yangu. Wema wangu umeupeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Mzee, ngoja nikatafute rilei," nikatoka kwenda dukani, nikatembea polepole kwa makusudi.

Swali lake halikuwa la ubishi. Mtu asiyeiba kwa sababu mlango umefungwa, tumwite mwaminifu? Anayefunga kula kwa sababu nyumbani hakuna chakula, tumhesabu kafunga? Sisi Waislamu swali hili tumelikuta mlangoni kabisa mwa elimu yetu. Arbaini ya Imamu Nawawi, kitabu wanachosomeshwa watoto wengi vyuoni, inafunguka kwa hadithi ya nia; Sahihi ya Bukhari nayo inaanza kwa hadithi hiyo hiyo. Kabla ya sala, kabla ya zaka, kabla ya hija, kwanza ujue kwamba thamani ya tendo iko katika kile moyo ulichokusudia. Wahenga wakalifupisha wakasema nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Basi kama tendo ni mali ya nia, waya una nia gani? Shaba haimheshimu mtu. Rilei haimwogopi Mungu. Mzee wa kanisa alikuwa amenishika kwa hoja ambayo maalim wangu mwenyewe angeikubali.

Lakini nilikuwa na sababu yangu, na sababu hiyo ilinipata kwenye barabara ile ile aliyoungulia yeye.

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita kama 33, na sehemu kubwa ni kona. Mombo ni bondeni, kwenye joto na mashamba ya mkonge. Lushoto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja una ukuta wa mlima, upande wa pili una korongo. Usiku huwezi kuwalaumu madereva wa mboga wanaotaka mwanga zaidi. Kuna mawe yaliyoporomoka, kuna ng'ombe, kuna watu wanaotembea kwa miguu wakiwa na nguo nyeusi. Mwanga huko ni rehema, na mimi nafunga spoti kwa moyo mweupe kwa sababu najua zimewafikisha wengi nyumbani.

Hata hivyo milima ile ile ya Usambara inafundisha kwamba mwanga una kipimo chake. Ukungu ukishuka, ukawasha fulu na spoti juu yake, huoni mbali zaidi. Unaona ukuta mweupe uliosimama mbele ya kioo. Ni mwanga wako mwenyewe umegonga matone ya maji ukakurudia. Dereva mzoefu wa huko akiingia kwenye ukungu anashusha taa, na hapo ndipo ukingo wa lami unapoonekana. Nimewaona watu wanakuwa hivyo pia, mwenye elimu, mwenye cheo, hata mwenye dini: anaongeza mwanga pasipouhitaji, na mwisho anachokiona ni weupe wake tu.

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 19, najifunza kazi. Usiku mmoja tulikuwa tunapanda mlima na fundi aliyekuwa ananifundisha, kwenye pikapu yake. Spoti aliziunga mwenyewe, zina swichi yake huru karibu na redio, kama ile ya mzee. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo sababu naisimulia habari hii. Hakuwahi kumpita mtu mwenye mzigo bila kumpa lifti, na hakuwahi kumwachia mtu fulu machoni.

Kabla ya kona moja tukaona baiskeli inateremka, nyuma ina gunia la mkaa. Fundi akashusha taa mara moja. Nilisikia mlio wa kijiti cha usukani. Alichosahau ni swichi ya pili. Hilo tendo lilihitaji mikono miwili, au mkono mmoja mara mbili, na mkono wake ulifanya mara moja. Spoti zikabaki zinawaka.

Sisi tulimwona yule mtu vizuri kabisa. Niliona shati lake la mistari, kamba ya katani iliyofunga gunia, na mkono alioinua kufunika macho. Yeye ndiye hakutuona. Baiskeli ikaenda upande wa mlima, kwenye mtaro, na namshukuru Mungu hadi leo kwamba haikwenda upande wa korongo. Alivunjika mfupa wa bega. Tulipokuwa tunampeleka hospitali, amelala nyuma juu ya maturubai na mimi nimemshikilia kichwa, aliniambia jambo moja tu: "Nilidhani kumekucha."

Fundi wangu alirudia neno lake njia nzima. "Mbona nilishusha taa? Si nilishusha?" Alikuwa anasema kweli. Nia alikuwa nayo, tena njema, na ilikuja kwa wakati wake. Hata tendo alilifanya. Kilichomvunja yule mtu bega ni nusu ya tendo iliyobaki karibu na redio.

Nimelifikiria tukio hilo kwa miaka mingi, kwa macho ya fundi na kwa macho ya mtu anayesali. Kwa macho ya fundi hesabu ni nyepesi. Mboni ikipigwa na mwanga mkali hunywea haraka, lakini giza likirudi hupanuka taratibu. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linakata mita 11 kila sekunde. Sekunde tatu za upofu ni mita 33, na kona za barabara ile hazikupi mita 33.

Kwa macho ya anayesali ni gumu zaidi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kiitwacho Mishkat al-Anwar kufafanua aya ya nuru iliyomo katika sura ya 24 ya Kurani. Humo anataja kasoro za jicho, na mojawapo ni kwamba jicho huona vingine na lenyewe halijioni. Maalim wetu wa chuo alitueleza hilo tukiwa watoto, nikalipokea kama maneno mazuri. Nililielewa nikiwa nyuma ya ile pikapu. Mwenye spoti anaona kila kitu isipokuwa spoti. Ukali wake yeye haumfikii. Aliyekaa nyuma ya taa hajui taa yake ikoje usoni mwa mwenzake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Kwa hiyo mzee anaposema, "Mimi nikimwona mwenzangu nazima," anautegemea wema wake umpe taarifa ya jambo ambalo macho yake hayawezi kumletea. Usiku atakaokuwa amechoka, usiku atakaokuwa anazungumza na utingo wake, taarifa hiyo itafika nusu.

Nilipofika dukani nilikuwa bado na swali la mzee mkononi: wema ukishikwa na waya, umekwenda wapi? Jibu lilinijia nikiwa nangoja chenji, na lilitoka kwenye Ramadhani.

Sisi wa pwani na wengi wa huku Tanga tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Katika madhehebu hayo saumu ya Ramadhani hutiwa nia usiku, kabla ya alfajiri. Nikiwa mdogo nilimuuliza maalim: kwa nini usiku, na njaa iko mchana? Akanijibu kwamba usiku ndio wakati moyo umetulia. Mtu ameshiba, hana kiu, hana haja ya kujidanganya; hapo anaamua kesho atakuwa nani. Mchana ukifika, na jua likamkausha midomo, hatakiwi kuanza kujadiliana upya na nafsi yake kila saa. Ameshaamua. Hata akilala kutwa nzima, saumu yake ni saumu, kwa sababu nia ya usiku inambeba akiwa hajitambui.

Ndivyo nilivyouona waya. Mtu anayekuja gereji mchana kweupe, akili imetulia, hakuna taa inayomjia mbele, akasema, "Fundi, zifunge spoti zangu zisiweze kuwaka kwenye dimu," huyo ametia nia. Amejijua. Amejua kwamba usiku wa saa nane, juu ya Soni, usingizi ukimnyemelea, hatakuwa mtu yule yule anayezungumza sasa, na amemwekea mtu wa saa nane ukingo wa kumshika. Waya hauna nia, ni kweli. Lakini aliyeuagiza anayo, na nia yake inakaa ndani ya shaba kama nia ya usiku inavyokaa ndani ya mwili uliolala. Hakuna aliyemnyang'anya mzee wema wake. Nilikuwa namwomba autangulize.

Nikarudi na rilei, nikamwambia hivyo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la pili, ambalo nililipenda zaidi: "Basi nikishaunga hivyo, sina kazi tena? Nikae tu kama abiria wa wema wangu?"

Nikamwita aje aone kazi yenyewe.

Toyota nyingi za zamani, na ya kwake ni mojawapo, hazifungwi kama wengi wanavyodhani. Watu hufikiri swichi ya usukani ndiyo inayopeleka moto kwenye globu. Kwenye gari hizi, ukishawasha taa kubwa, moto unafika kwenye globu, na swichi inachofanya ni kufungua njia ya kurudi kwenye bodi: njia moja kwa dimu, nyingine kwa fulu. Fundi asiyelijua hili hubabaika kutwa nzima na testa yake. Nikamwonyesha mzee. Globu iko kwenye dimu, ukigusa waya wa fulu unakuta moto upo, umejaa tele, na uzi wa fulu hauwaki hata kidogo. Umeme usio na pa kurudi haufanyi kazi yoyote. Mzee alishika testa mwenyewe, akagusa, akaiona inawaka, akatikisa kichwa. "Kumbe nguvu ipo tu imekaa," akasema.

Basi nikafunga rilei karibu na betri. Mguu wa 30 ukapokea moto wa betri kupitia fyuzi ya ampea 25. Mguu wa 87 ukaenda kwenye spoti kwa waya mnene wa milimita 4 za mraba, uliopitishwa kwenye mpira kila unapovuka bati. Ardhi ya spoti nikaifunga kwenye chuma kilichosuguliwa rangi mpaka kikang'aa. Ikabaki koili, miguu ya 85 na 86, ambayo yote pamoja inakula chini ya robo ya ampea. Upande mmoja wa koili niliupa moto kupitia swichi yake ya dashibodi. Upande wa pili nikaufunga kwenye waya wa fulu. Akiwa kwenye fulu, njia ya kurudi imefunguka, koili inavuta, spoti zinawaka. Akishusha dimu, koili ina moto pande zote mbili, hakuna pa kwenda, rilei inalala.

"Sasa mzee," nikamwambia, "swichi yako ipo. Unaweza kuzizima spoti hata ukiwa kwenye fulu, muda wowote. Usichoweza ni kuziwasha juu ya mtu uliyemshushia taa. Na kazi yako haijapungua, maana waya huu haumwoni anayekuja. Haushushi taa. Wa kushusha ni wewe, kwa mkono wako, kwa heshima yako, mbele ya Mungu wako. Ukishatenda hilo dogo, hili kubwa linakwenda pamoja nalo."

Hapo ndipo nilipojisikia nasema nilichokuwa nakitafuta tangu mwaka 2011. Waya haumfanyi mtu kuwa mwema. Unauzuia wema wake usiwe nusu. Fundi wangu hakuhitaji moyo mwingine usiku ule. Alihitaji moyo aliokuwa nao ufike mpaka kwenye spoti. Na naamini mengi katika dini yamewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Nyakati za sala zimepangwa, hazikuachiwa hamu yetu, kwa sababu hamu inakuja na kuondoka. Zaka ina kiwango chake, ili huruma ya siku moja isiahidi kitu na kesho yake ikasahau. Watu husema taratibu zinaua moyo wa ibada. Nadhani mara nyingi taratibu ndizo njia ambayo moyo unapita kufika kwa jirani.

Sidai kwamba hakuna anayeweza kuukata waya wangu. Anaweza. Kesho mtu anaweza kwenda kwa fundi mwingine akang'oa mguu wa 85 na kuufunga kwenye bodi moja kwa moja, spoti zikarudi kuwa huru. Lakini itabidi afungue boneti, achukue koleo, afanye hivyo mchana akiwa na akili timamu. Madhara yaliyokuwa yanatokea kwa kusahau sasa yanahitaji uamuzi. Hilo pekee linatosha kunifanya niamke asubuhi kufanya kazi hii.

Saa mbili usiku tulipanda kujaribu, mzee akiendesha, mimi pembeni. Kwenye mnyoosho mfupi kabla ya kona akaweka fulu, spoti zikawaka, mlima wote ukasimama mbele yetu, kila jani. Alitabasamu kama kijana. Kisha kwa mbali tukaona mwanga wa gari unazunguka kona. Mzee akashusha taa.

Giza likaingia ghafla kiasi kwamba niliona mikono yake inakaza usukani. Ilibaki dimu peke yake, imelala chini, na ile ncha yake inayopanda kidogo upande wa kushoto. Gari lililokuwa linakuja nalo likashusha. Tukapishana polepole, kioo kwa kioo, dereva wa kule akainua mkono. Mzee naye akainua wake, ule wenye malengelenge.

Alikaa kimya kwa kona mbili. Kisha akasema, "Kwetu tunafundishwa kutoa sadaka mpaka mkono mmoja usijue mwingine unafanya nini. Nimeisikia miaka yote kanisani. Leo mkono wa kulia umeshusha taa, na ule wa kushoto sikuutuma popote." Sikumwongezea neno, kwa kuwa hilo sikuwa nalo mimi, amenipa yeye.

Karibu na Soni, dimu ikagusa ukingo wa kushoto wa barabara, na hapo alikuwepo mama amebeba ndoo kichwani, mtoto ameshika ncha ya kanga yake. Spoti zilikuwa bado zimezimwa. Mama akasogea kando atupishe, hakuinua mkono kufunika uso. Mtoto akageuka, akatutazama tukipita, macho yake wazi kabisa.